Sanad ya Habari: Namna Mwandishi wa Visiwani Anavyoweza Kuushinda Uvumi na Kurudisha Imani ya Watu

Miongoni mwa mazoezi ninayowapa waandishi vijana ninapokwenda Pemba kuwafundisha, lipo moja lililotokana na jambo lililotokea katika chumba cha habari cha redio ya jamii. Ilikuwa siku ya kusi kali, na baada ya sala ya Isha mtangazaji wa zamu alipokea kwenye simu yake picha ya meli iliyolala ubavu, chini yake pameandikwa kwamba boti imezama Nungwi na ndugu zetu wamo ndani. WhatsApp ilikwisha kuitia picha hiyo alama kuwa imesambazwa mara nyingi. Haukupita muda simu za studio zikaanza kulia, kwa sababu ni vigumu kuipata nyumba Pemba isiyo na mtu anayevuka bahari, na hakuna aliyesahau usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilipozama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, wala tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ilipozama karibu na Chumbe.

Mtangazaji yule hakuisoma habari ile hewani. Aliikuza picha na kuitazama pembe kwa pembe. Nyuma ya meli palikuwa na safu ya milima mirefu, na visiwa vyetu havina milima ya namna ile. Kwenye tezi, yaani sehemu ya nyuma ya chombo, mahali ambapo jina la bandari ya usajili huandikwa chini ya jina la meli, palikuwa na herufi zisizosomeka kwa Kiswahili wala kwa Kiingereza. Kisha akapiga simu bandarini Mkoani, Pemba, akapiga na bandari ya Malindi, Unguja, ndipo akafungua kipaza sauti. Aliwaambia wasikilizaji kwamba boti zote zilizoondoka siku ile zimefika, kwamba amezungumza na watu wa zamu katika bandari zote mbili muda si mrefu uliopita, kwamba picha inayosambaa si ya bahari yetu kwa kuwa ina milima nyuma yake, na kwamba atarudi tena saa nne usiku kueleza lolote jipya atakalolipata.

Ninawaomba wanafunzi wangu wayazingatie zaidi yale ambayo mtangazaji huyo hakuyasema. Hakusema kwamba taarifa hizo ni za uongo na wananchi wazipuuze, maneno ambayo ofisi nyingi huyapenda na ambayo humwacha mwenye mama yake safarini na hofu ileile. Alieleza anachokijua, alivyokijua, na saa aliyokijua.

Wasikilizaji wetu wanaifahamu hoja hii tangu utotoni. Aliyesoma chuoni, yaani madrasa, anajua kwamba hadithi ya Mtume hupimwa kwa sanad yake, yaani mlolongo wa watu waliopokezana, na kwamba mlolongo ukikatika hadithi hiyo haipewi uzito uleule hata kama maneno yake ni mazuri. Kwenye baraza ya kahawa, iwe Jaws Corner ya Mji Mkongwe au Chake Chake ya Pemba, anayeleta jambo zito huulizwa kwanza nani kamwambia. Sasa tazama tunavyoandika sisi tuliosomea kazi hii: inadaiwa, inasemekana, imeelezwa, vyanzo vya kuaminika vinasema. Kila moja ya kauli hizo ni sanad iliyokatwa makusudi, na ninaamini kwa dhati kwamba imani ya watu imetuponyoka zaidi kwa mlango huu kuliko kwa mlango wa simu za mkononi. Pale ambapo jina la mtoa habari haliwezi kutajwa, kwa kuwa atafukuzwa kazi au atadhuriwa, mwandishi aseme kwamba amelificha na kwa sababu gani, na aeleze angalau mtu huyo alikuwa wapi hata akalijua jambo lenyewe.

Sanad peke yake haitoshi, kwani watu wanataka pia kuelewa. Mwezi Machi 2024, katika kisiwa cha Panza, kusini mwa Pemba, watu tisa walifariki dunia baada ya kula nyama ya kasa, wanane kati yao wakiwa watoto, na wengine 78 walifikishwa hospitali. Mwandishi akiishia kwenye idadi hiyo, anakiacha kijiji chenye msiba kikijiuliza kwa nini kitoweo ambacho wazee wamekila miaka yote kimeua safari hii, na swali lisilojibiwa ndilo linalofungua njia ya kunong'onezana kuhusu uchawi au jirani aliyetia sumu. Jibu lipo. Nyama ya kasa inaweza kuwa na sumu ambayo wataalamu huiita kelonitoksini, inayodhaniwa kutokana na vyakula ambavyo kasa mwenyewe amekula baharini. Kasa mwenye sumu hiyo huonekana mzima kama wengine, kupika hakuiondoi, hakuna dawa mahususi ya kuiondoa mwilini, na watoto ndio huathirika zaidi. Sentensi tatu nne za namna hii, zikisomwa pamoja na habari ya msiba na kurudiwa wiki inayofuata, zinaweza kumwondolea jirani shutuma na kuokoa watoto wa kijiji kingine. Na mwandishi anayekwenda Panza asiishie kwa sheha, kiongozi wa serikali wa eneo hilo, ingawa kwa sheha ndiko anakoanzia kwa adabu, bali akae pia na wavuvi, na daktari aliyewapokea wagonjwa, na kina mama, wao ndio wanaojua nani alikula nini na saa ngapi.

Katika kukanusha kwenyewe kuna kosa ambalo wahariri wetu hulifanya kwa nia njema. Huuweka uvumi kwenye kichwa cha habari, kwa herufi kubwa, halafu ukweli ukafuata aya ya tatu, na msomaji aliyepita haraka anaondoka na uvumi. Ukweli utangulie, uvumi utajwe mara moja tu na kwa ufupi, kisha ukweli urudi.

Lazima niseme pia kuhusu ukimya wa wenye taarifa, kwa kuwa si haki kumbebesha mwandishi mzigo wote. Kuanzia Mei 2020 nchi yetu iliacha kutoa takwimu za Korona kwa zaidi ya mwaka mmoja, na nafasi iliyobaki wazi ilijazwa na sauti zilizorekodiwa kwenye simu, kila moja na tiba yake. Waandishi wa Zanzibar, kwa upande wao, kwa miaka mingi wamefanya kazi chini ya Sheria Namba 5 ya 1988, inayohusu usajili wa magazeti na vitabu, iliyotungwa kabla intaneti haijafika visiwani. Ofisa anayemwambia mwandishi asubiri taarifa rasmi, halafu taarifa hiyo ikatoka baada ya siku tatu, ajue kwamba katika siku hizo tatu watu hawakukaa bila habari.

Lililo zito zaidi, na ambalo naona tunalikimbia, ni kukiri kosa. Nilipokuwa mwandishi wa gazeti, msimu mmoja wa karafuu niliandika bei ya daraja la kwanza nikaihusisha na daraja la tatu. Mzee mmoja wa upande wa Konde alikodi gari akapeleka polo zake kituo cha kununulia karafuu kwa kutegemea bei niliyoiandika, akalipwa pungufu ya alivyohesabu, na nauli ikawa hasara juu ya hasara. Sahihisho letu lilikuwa limetoka siku ya tatu, ukurasa wa ndani, chini ya ratiba ya mpira. Alikuja ofisini na gazeti lenye kosa amelikunja kwapani, akaniuliza kwa upole kwa nini kosa nililiweka mbele na ukweli nikauweka nyuma, na mimi sikuwa na la kumjibu.

Tangu siku ile ninafundisha kwamba sahihisho litoke palepale kosa lilipotoka: ukurasa uleule, au saa ileile ya taarifa ya habari na kwa sauti ileile. Liseme nini kilikosewa, sahihi ni ipi, na kosa lilitokeaje. Habari iliyowekwa mtandaoni isifutwe kimyakimya, maana waliokwisha kuisoma wataona tumewaficha jambo.

Mhariri wangu alikubali bei sahihi ichapwe ukurasa wa kwanza wa toleo lililofuata, pamoja na maelezo ya jinsi nilivyokosea. Misimu iliyokuja baadaye, mzee yule ndiye aliyekuwa akinipigia simu kutoka kituoni, risiti mkononi, kunisomea bei ya kila daraja kabla sijaandika.