5G haina mwenyewe, ila ina wadai

Ukisikia watu wakibishana kama 5G, kizazi cha tano cha mtandao wa simu, ni ya Wachina au ya Wamarekani, jua wote wamekosea pa kuanzia. Hakuna kampuni iliyoiumba peke yake. Maelezo yake ya kiufundi yameandikwa na 3GPP, ushirika wa mashirika ya viwango ya Ulaya, Asia na Marekani ulioundwa mwaka 1998. Humo wahandisi wa kampuni zinazowindana sokoni huketi meza moja na kubishana mpaka waafikiane.

Dhana: Teknolojia bora ndiyo hupita.

Ubora una nafasi yake, lakini mara nyingi anayeleta pendekezo huwa ameshaliombea hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi. Pendekezo lake likiingia kwenye kiwango, kila atakayetengeneza simu atamlipa mrabaha, yaani malipo ya kuutumia uvumbuzi wake. Mfano ninaoupenda ni mvutano wa mwaka 2016 juu ya namna ya kusahihisha makosa ya data inaposafiri hewani. Kambi moja, iliyokuwa na Qualcomm na Samsung, ilitaka LDPC, mbinu ya Robert Gallager ya miaka ya 1960, ambayo msingi wake haudaiwi tena na mtu. Huawei ilipigania misimbo ya polar ya Erdal Arıkan, profesa wa Uturuki. Waliokuwa wakitetea misimbo ya turbo, iliyobeba 3G na 4G, wakaachwa nje. Mwisho wake LDPC ikapewa data, polar ikapewa mawimbi ya udhibiti, yale yanayopanga mawasiliano ya simu na mnara. Hapo mtu anaweza kusema hesabu ndiyo iliyoamua. Mimi naona na mizani ya kisiasa ilikuwepo.

Dhana: Mwenye hataza nyingi ndiye kinara.

Zile orodha za "nani anaongoza 5G" zisomwe kwa tahadhari kubwa. Kampuni yenyewe ndiyo huiambia ETSI, shirika la viwango la Ulaya, kwamba hataza yake ni ya lazima, yaani huwezi kufuata kiwango bila kuitumia. ETSI haikagui ukweli wa dai hilo. Tena anayenyamaza anaweza kuja kupoteza haki ya kudai, kwa hiyo wengi hutangaza hata zile zenye shaka, wakati mwingine kiwango hakijakamilika.

Dhana: Mwenye hataza hutoza apendavyo.

Wenye hataza za aina hii huahidi kutoa leseni kwa masharti ya haki, ya kuridhisha na yasiyobagua. Kizungumkuti ni kwamba ahadi haitaji kiasi. Mrabaha uhesabiwe kwa bei ya chipu au ya simu nzima? Swali hilo lilikuwa kiini cha ugomvi wa Apple na Qualcomm, uliomalizwa kwa mapatano Aprili 2019. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika kesi ya Unwired Planet, kampuni ya kumiliki hataza, na Huawei, iliamua kwamba mahakama za huko zinaweza kupanga masharti ya leseni ya dunia nzima.

Dhana: Kizazi kipya kikija, hataza za zamani zimekufa.

Hataza huishi kwa kawaida miaka 20 tangu kuombwa, na simu ya 5G bado inabeba 4G ndani yake. Za GSM, yaani 2G, ya mwaka 1991 zimeshakwisha. Zilizoombwa mwaka 2008 kwa ajili ya 4G zitafikia ukomo mwaka 2028, na wenye nazo wameshaingia vikao vya 6G.