Je, wajua kwa nini tairi la inchi 29 huvaa rimu ya inchi 28, tena si ya kila inchi 28?

Chukua futi kamba upime rimu ya baiskeli ya milimani inayouzwa kwa jina la inchi 29. Pale tairi linapokalia, kipenyo ni milimita 622, yaani inchi 24 na nusu hivi. Pima sasa baiskeli ya mashindano ya barabarani, ile ya matairi membamba iliyoandikwa 700C au inchi 28: utakuta 622 vilevile. Halafu muombe mzee mwenye Phoenix au Black Mamba akuachie kidogo upime na yake. Nayo ni inchi 28, lakini rimu yake ni 635, na tairi la 29 halitaivaa hata ulikalie kwa magoti. Kana kwamba hayo hayatoshi, baiskeli za zamani za inchi 27 zina rimu ya 630, kubwa kuliko ya 29.

Chanzo cha vurugu hii ni kwamba namba hizo hazikuwahi kuwa kipimo cha rimu. Zilitaja kimo cha gurudumu zima likiwa na tairi lililojaa upepo, kutoka ardhini hadi juu. Aliyetaka gurudumu la inchi 28 kwa tairi jembamba alihitaji rimu kubwa; aliyetaka kimo hichohicho kwa tairi nene alihitaji rimu ndogo zaidi. Wafaransa wakaongeza herufi: 700A kwa tairi jembamba, 700B la wastani, 700C nene, na vivyo hivyo kwa 650A, 650B na 650C. Miaka ikapita, watu wakazivalisha rimu zilezile matairi ya unene wowote waliotaka. Hesabu ikavurugika, majina yakabaki. Ndiyo maana 700C, iliyobuniwa kwa tairi nene, leo ndiyo inayobeba matairi membamba ya wakimbiaji wa barabarani.

Inchi 26 ndiyo yenye ndugu wengi wa kambo. Tairi lililoandikwa 26 x 1.95 linataka rimu ya 559, ile ya baiskeli za milimani. Lililoandikwa 26 x 1 3/8 linataka rimu ya 590, na hilo ndilo la baiskeli za mtumba za Kijapani zenye kikapu mbele. Desimali na sehemu si kitu kimoja hapa: 26 x 1.75 na 26 x 1 3/4 zina thamani ileile kwa hesabu za darasani, lakini ni matairi ya rimu mbili tofauti. Anayenunua kwa kutaja "namba 26" bila zaidi anacheza bahati nasibu.

Dawa yake imeandikwa ubavuni mwa karibu kila tairi la kisasa, ila kwa maandishi madogo. Tafuta namba mbili zenye kistari katikati, mfano 54-622. Ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha rimu linapokalia. Kwa baiskeli za milimani, namba tatu za mwisho zinatosha kukariri: 559 ndiyo 26, 584 ndiyo 27.5, na 622 ndiyo 29.

Sasa, kwa nini tatu? Kwa muda mrefu ilikuwa moja tu, na wala haikuchaguliwa kwa ajili ya milima. Mwaka 1933 kampuni ya Schwinn ya Chicago ilitoa baiskeli nzito za vijana zenye matairi manene ya 26 x 2.125. Miaka arobaini baadaye, vijana wa Marin County, California, walizifufua zilizokuwa zimetelekezwa, wakawa wanateremka nazo kwenye barabara za vumbi za milimani. Mwaka 1976 walianza mashindano kwenye mteremko walioupa jina Repack, kwa sababu breki iliyo ndani ya habu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma ilipata moto hadi grisi ikaungua, na baada ya kushuka ilibidi habu ifunguliwe na kujazwa grisi mpya. Mmoja wao, Joe Breeze, alipounda fremu zake mpya kwa kazi hiyo mwaka 1977, alitumia 26 kwa sababu ndiyo iliyokuwa na tairi nene na rimu ngumu. Kampuni ya Specialized ilipoleta baiskeli yake ya Stumpjumper mwaka 1981 na viwanda vikaanza kuzalisha kwa wingi, 26 ilikuwa imeshakuwa sheria.

Hao hao wa California walijua kuwa gurudumu kubwa lingefaa. Walichokosa ni tairi. Mlango ulifunguka mwaka 1999, kampuni ya WTB ilipotoa tairi nene la milimani kwa rimu ya 622, ile ya barabarani. Ongeza unene wa tairi juu na chini kwenye 622 utapata karibu milimita 730, ambazo ni kama inchi 29. Jina likazaliwa hapo. Rimu yenyewe haikuwa mpya hata kidogo. Kilichokuwa kipya ni tairi na jina la kuliuzia.

Wapanda baiskeli wengi walicheka. Waliona gurudumu zito, fremu ndefu, usukani mvivu kwenye kona. Mambo yalibadilika taratibu, na mbio zilizoweka wazi mgawanyiko ni za Olimpiki ya London, Agosti 2012, pale Hadleigh Farm. Jaroslav Kulhavý wa Jamhuri ya Czech, mtu mrefu, alikuwa juu ya 29. Nino Schurter wa Uswisi, ambaye ni mfupi kwake, alikuwa juu ya 27.5, saizi ambayo wakati huo ilikuwa ngeni kabisa kwenye mashindano makubwa. Walimaliza wakitofautiana kwa sekunde moja, Kulhavý mbele. Kila muuzaji alisoma matokeo hayo alivyotaka.

Hiyo 27.5 nayo si ya leo. Ni 650B, rimu ya 584 ambayo Wafaransa waliitumia kwenye baiskeli za safari zaidi ya nusu karne kabla. Ilirudishwa kama njia ya kati, lakini si ya kati sawasawa: imezidi 26 kwa milimita 25 na kupungukiwa na 29 kwa milimita 38. Kati halisi ingekuwa 590 na nusu, yaani takriban rimu ya ile baiskeli ya kikapu kutoka Japani, ambayo hakuna kampuni iliyofikiria kuipeleka mlimani. Hata hivyo, kwa matoleo yake ya 2014 Giant, mmoja wa watengenezaji wakubwa kuliko wote duniani, aliipa 27.5 kipaumbele, wenzake nao wakafuata. Ndani ya miaka michache 26 ikatoweka kwenye orodha za baiskeli mpya za bei ya juu.

Je, 26 ilishindwa kwa haki? Tufanye hesabu. Gurudumu likigonga jiwe au mzizi wa kimo cha sentimita 10, chora mstari mmoja kutoka kwenye ekseli ukishuka wima, na mwingine kutoka kwenye ekseli hadi pale tairi linapougusa ukingo. Pembe kati ya mistari hiyo ikiwa kubwa, gurudumu linarudishwa nyuma. Ikiwa ndogo, linapanda juu kwa urahisi. Kwa 26 pembe ni kama nyuzi 45 na nusu, kwa 27.5 ni 44 na nusu, kwa 29 ni 43 na nusu. Faida ipo, na kwenye njia yenye mawe mfululizo inajumlishwa mara mamia kwa saa. Lakini kutoka 26 hadi 27.5 umepata takriban nyuzi moja tu. Matangazo ya wakati ule hayakusema hivyo.

29 ina mengine. Alama ya tairi ardhini ni ndefu zaidi, hivyo linashika vizuri kwenye kona na unapopanda kilima chenye kokoto. Mpandaji anakaa chini kidogo ukilinganisha na ekseli, na wengi wanasema wanajisikia wamo ndani ya baiskeli badala ya kuwa juu yake. Upande wa pili, rimu ni ndefu kwa asilimia 11 kuliko ya 26, tairi na tyubu vivyo hivyo, na uzito huo wote uko pembeni ambako huhisiwa zaidi kila unapoongeza mwendo. Spoki ndefu huyumba zaidi kama gurudumu halikufungwa vizuri. Na gia zinakuwa nzito: mzunguko mmoja wa gurudumu unakupeleka mbali zaidi, kwa hiyo aliyezoea sproketi ya mbele ya meno 32 kwenye 26 atahitaji kama 29 au 30 ili miguu isikie vilevile mlimani.

Kwa hiyo mimi ningeanza na mwili. Mtu wa kimo cha kawaida au mrefu, anayepita njia za mawe na anataka kwenda mbali, achukue 29 bila kujiuliza sana. Mtu mfupi, wa chini ya mita 1.60 hivi, apande 29 kwanza kabla ya kulipa. Usukani unaweza kukaa juu mno, na kwenye mteremko mkali tairi la nyuma, ambalo liko juu kwa karibu sentimita 4 kuliko la 27.5, linamkwaruza makalio anaporudi nyuma ya kiti. Kampuni ya Trek na baadhi ya wenzake wanakubali jambo hili: modeli moja, fremu kubwa zinakuja na 29, fremu ndogo zinakuja na 27.5.

Tatizo hilo la makalio limezaa mseto, 29 mbele na 27.5 nyuma. Mbele linavuka mawe, nyuma linageuka upesi na kuacha nafasi. Zamani kanuni za UCI, chama cha baiskeli cha kimataifa, zilidai magurudumu mawili yawe sawa. Mwaka 2019 sharti hilo liliondolewa kwa baiskeli za milimani, na mseto ukaenea haraka kwenye mashindano ya kuteremka. Kwa anayepanda na kushuka kawaida mwishoni mwa wiki, sioni haja ya kubeba saizi mbili za tairi.

Lakini uko Mbeya, au Eldoret, au Fort Portal, na swali la kwanza kabla ya pembe na nyuzi ni: tairi likipasuka Jumamosi, nitapata wapi jingine? Hapo 26 ya 559 bado ina nguvu. Mtumba umejaa, fundi wa kona anayo rimu, tairi la kawaida lipo sokoni. Mtu mwenye 26 nzima, fremu imara na gia zinazoingia, asiiuze kwa hasara eti imepitwa na wakati. Anayenunua mpya ya 29 aweke tairi la akiba ndani ya nyumba. Tyubu haina shida kubwa, kwa kuwa ni mpira mtupu usio na waya: tyubu ya 26 ukiivuta ndani ya tairi la 29 itakufikisha nyumbani, ingawa itakuwa imekonda.

Usidanganywe pia kwamba unaweza kununua magurudumu makubwa ukayachomeka kwenye fremu ya zamani. Kwanza nafasi: uma wa mbele na fremu ya 26 mara nyingi havina pa kupitisha tairi nene la 27.5, achilia mbali 29. Pili breki: kama ni za mpira unaobana rimu, rimu ya 584 imepanda juu kwa milimita 12 na nusu na mpira haufiki, za diski hazijali. Tatu habu, na hapa ndipo viwanda vilipowachosha watu. Habu za zamani zilikuwa na upana wa milimita 100 mbele na 135 nyuma. Ikaja 142 nyuma, kisha kuanzia 2014 hivi ikaja 110 mbele na 148 nyuma, kwa hoja kwamba magurudumu ya 29 yanahitaji spoki zilizotanuka zaidi ili yasiyumbe. Hoja ina ukweli. Ila magurudumu mazuri ya miaka mitatu nyuma yakawa hayaingii tena kwenye fremu mpya.

Na sasa wameanza na inchi 32, rimu ya 686 iliyokuwa ya baiskeli za gurudumu moja. Watengenezaji wa matairi Maxxis wameshatoa tairi lake la milimani, na kampuni kadhaa zimeonyesha baiskeli za majaribio. Watu wa mita 1.90 wana haki ya kufurahi. Anayetaka kununua 29 leo hana sababu ya kusubiri: rimu ya 622 inatumiwa pia na baiskeli za barabarani, za safari na za mjini duniani kote, na hata milimani wakiiacha kesho, matairi yake yataendelea kutengenezwa. Ya kuangaliwa kwa jicho la wasiwasi ni 584, ambayo nje ya milima ina marafiki wachache.