Mzigo mwepesi, bei kubwa: mnalipia boksi

"Lakini mzigo wenyewe mwepesi!" Wiki hii nimeyasikia tena maneno haya kwenye kaunta yetu ya kutuma mizigo hapa Arusha, na safari hii muuzaji wa vikapu aliyashika pamoja na shutuma kwamba mzani wetu umechezewa. Basi naandika, ili atakayeuliza tena nimtumie asome akiwa ametulia.

Mzani haujachezewa. Vikapu vyako vina kilo mbili na kitu, kama ulivyopima nyumbani. Ila wasafirishaji wa ndege wanatazama uzito wa aina mbili, wa mzani na wa ujazo. Pima urefu, upana na kimo kwa sentimita, zidisha, gawanya kwa 5,000. Unachopata ni kilo za ujazo. Zilinganishe na kilo za mzani. Zilizo nyingi ndizo zinazolipiwa. Kampuni za vifurushi kama DHL na FedEx zinagawanya kwa 5,000. Mizigo ya kawaida ya ndege, kwa utaratibu wa IATA (chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege), inagawanywa kwa 6,000. Kwa hiyo kabla hujafurahia bei ya kilo, uliza wanagawanya kwa ngapi. Kwa mzigo wa ujazo, bei ya kilo iliyo chini kidogo kwenye 5,000 inaweza kukugharimu zaidi kuliko ile ya juu kwenye 6,000.

Huu si wizi. Lori la magodoro likiondoka hapa kwenda Dar linajaa mpaka turubai linatanuka, na springi bado hazijainama. Nafasi imekwisha, na mwenye lori lazima arudishe mafuta yake. Ndege nayo inajaa kabla haijalemewa. Kugawanya kwa 5,000 maana yake kila kilo imepewa nafasi ya lita tano. Ukizidisha nafasi, unalipia nafasi. Ndiyo maana anayeuza vinyago vya mpingo hajawahi kugombana nami juu ya hili. Mpingo ni mti unaozama majini, kwake mzani ndio unaoamua. Anayeuza kahawa vilevile. Wanaogombana ni wa vikapu, kofia za ukili, mito na taa.

Tuchukue vikapu. Boksi la sentimita 40 kila upande: 40 mara 40 mara 40 ni 64,000, gawanya kwa 5,000, unapata kilo 12.8. Wanapandisha hadi nusu kilo inayofuata, unalipia 13. Mzani unasema mbili na kitu. Sasa viingize vikapu kimoja ndani ya kingine, boksi liwe na kimo cha 22. Kilo 7.04. Na hiyo 0.04 haisamehewi, unalipia 7.5. Shusha kimo kiwe 21: kilo 6.72, unalipia 7. Sentimita moja ya karatasi ngumu imekuokolea nusu kilo ya nauli ya kimataifa. Wembe wa kukatia boksi mnao, utumieni.

Hapa ndipo naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu hata wenye kuijua hesabu wanaangukia hapa. Kipimo hakichukuliwi kwenye kona za boksi. Kinachukuliwa pale lilipotokeza zaidi. Dada mmoja aliniletea boksi lake la 40 kwa 40 kwa 40 akiwa tayari amemtajia mteja wake wa Ujerumani nauli, na mteja amelipa. Alikuwa ameshindilia vikapu mpaka kuta zimevimba, na juu mifuniko haikukutana, akaifunga kwa selotepu ikiwa imeinuka. Nikapitisha futi mbele yake: 43, 43, 42. Hizo ni kilo 15.5 na ushee, analipia 16. Kilo tatu nzima zimetokana na uvimbe! Tulifungua, tukatoa kikapu kimoja, kuta zikarudi. Boksi lililovimba lifungue, usilikalie. Mashine za kampuni zinapima upya njiani, na tofauti inakurudia wewe kwenye bili baada ya mteja kulipa, wakati huna tena pa kuidai.

Paketi ndogo ya posta ni habari nyingine, na nashangaa wauzaji wengi hawaijui, wakati mji wetu ndio makao makuu ya Umoja wa Posta Afrika tangu 1980. Mwisho wake ni kilo 2. Urefu, upana na kimo vikijumlishwa visizidi sentimita 90, na upande mrefu usizidi 60. Kwa kilichoviringishwa, urefu ukijumlishwa na kipenyo mara mbili usizidi 104, wala urefu usipite 90. Kwa hiyo mchoro wa Tingatinga toa kwenye fremu, uviringishe. Fremu ya 70 kwa 60 kwa 8 inakula kilo 6.72 za ujazo kwenye ndege; bomba la 80 kwa 10 lina 1.6 na posta linapita kama paketi ndogo. Ila zile kilo 2 ni pamoja na boksi, selotepu na magazeti uliyojazia. Ukipima bidhaa ikiwa uchi ukakuta kilo 1.95, umeshapitiliza.

Fomu ya forodha jaza kwa ukweli. Ongezeko la nauli kwa ajili ya mafuta na maeneo ya mbali uliza kabla. Marekani iliondoa msamaha wa ushuru kwa vifurushi vya chini ya dola 800 tangu 29 Agosti 2025, kwa hiyo mteja wa huko mwambie mapema kwamba ushuru upo.

Kwenye mizigo ya basi hakuna hesabu ya 5,000. Karani anautazama, anauinua, anataja bei. Lakini anapoutazama anawaza nafasi kwenye buti, kwa hiyo boksi dogo linasaidia hata stendi.

Palipobaki na utata kwangu ni vyungu na vioo. Kila ninachosema juu ya kubana boksi kinagongana na usalama wa kitu chenyewe, na sijapata kipimo ninachokiamini cha wapi pa kusimama. Nimeona vilivyobanwa vikifika vizima, na vilivyozungushiwa magazeti tele vikifika vipande. Kwa hiyo kwa vyungu natoa bei mbili, ya boksi la kubana na ya boksi lenye nafasi ya vidole vinne kila upande. Muuzaji anachagua mwenyewe, na anamtajia mteja wake nauli baada ya hapo.