Pedali za spoti na kapeti za gari: ni nini, na zinafungwaje

Pedali za spoti ni mabamba, mengi ya alumini na mengine ya chuma kisichoshika kutu, yanayofungwa juu ya pedali za gari au kuchukua nafasi ya raba zake za kiwandani. Haziongezi nguvu ya injini hata chembe. Kinachobadilika ni pale unyayo unapokutana na gari: umbo la bamba, unene wake, mshiko wake, na umbali kati ya pedali moja na nyingine. Kapeti ya dereva nayo ni kile kitandiko kinacholazwa juu ya zulia la kiwandani, chini ya pedali hizohizo. Kariakoo, upande wa Gerezani, vyote viwili vinauzwa kama mapambo, jirani na vifuniko vya usukani na manukato ya kuning'iniza kwenye kioo. Kwa maoni yangu fujo inaanzia hapo, maana ni vitu viwili vinavyogombea nafasi moja ndogo, na nafasi hiyo ndiyo unayotumia kusimamisha gari.

Asili ya pedali hizi ni mashindano. Dereva wa gari lenye gia za mkono anapokaribia kona hufanya kazi tatu kwa mpigo: anakanyaga breki kwa mbele ya mguu wa kulia, anakanyaga klachi kwa wa kushoto, na anaposhusha gia anagusa mafuta kwa kisigino au ubavu wa mguu uleule ulio kwenye breki. Mguso huo unapandisha mzunguko wa injini ulingane na gia anayoingia, ili gari lisishtuke klachi inapoachiwa. Mguu mmoja hauwezi kufika pedali mbili kama ziko mbalimbali. Ndiyo maana bamba la mafuta la spoti mara nyingi lina ulimi unaochomoza kuelekea kwenye breki, au mkia mrefu kwa chini upande wa kisigino.

Magari ya spoti tunayoyaona Dar mengi ni mtumba wa Japani: Altezza, Impreza WRX, Mark X, Fairlady Z, na RX-8 mojamoja. Mengi kati ya hayo ni otomatiki. Kwenye otomatiki ule ulimi hauna kazi, ila una madhara. Kiwandani pedali ya breki huwekwa juu kidogo kuliko ya mafuta kwa makusudi, ili ukikanyaga breki kwa haraka mguu usichukue zote mbili. Ukibandika bamba nene kwenye mafuta na lenye ulimi, umepunguza tofauti ya kimo na umepunguza pengo, vyote kwa pamoja. Halafu unaingia foleni ya Mwenge na kiatu kipana, mguu ukitoka mafuta kwenda breki na kurudi saa nzima. Mwenye otomatiki anayetaka muonekano tu achukue seti ambayo bamba la mafuta halizidi upana wa pedali ya asili.

Ufungaji uko wa namna nne, na tofauti zake ni kubwa kuliko tofauti za bei.

Namna iliyo bora ni bamba lililotengenezwa kwa modeli yako, lenye mfuko wa raba kwa nyuma. Unavua raba ya zamani ya breki kwa kuivuta ukingo mmoja, unavalisha mpya kwa nguvu ya vidole, basi. Hakuna tundu, hakuna gundi. Tia maji ya sabuni kidogo kwenye midomo ya raba iingie kwa urahisi, kisha ufute yote kabla hujawasha gari. Kwenye magari ya Kijapani breki na klachi mara nyingi hukubali namna hii bila ubishi.

Ya pili ni bolti: mabamba yanakuja na matundu, fundi anatoboa pedali kwa drili na kukaza nati kwa nyuma. Inashika kweli, ikiwa nati ni zile zenye plastiki ndani zisizolegea kwa mtikisiko, na ikiwa bolti ni za chuma kisichoshika kutu. Hewa yetu ya bahari haina huruma na bolti za bei rahisi. Mwenye gari Kigamboni au Msasani anajua. Angalia pia urefu wa bolti. Ikizidi nyuma, mkia wake unaweza kukwama kwenye zulia pedali inaposhuka. Na pedali ya mafuta kwenye magari mengi ya miaka ya karibuni ni plastiki tupu iliyounganishwa na sensa, si mkono wa chuma wenye kebo. Kuitoboa ni kuidhoofisha. Mimi singeruhusu drili iiguse.

Ya tatu ni vibanio: vyuma vidogo vya kulabu vinavyokumbatia pedali kwa nyuma na kukazwa kwa skrubu. Seti nyingi zinazosemwa kuwa ni za kila gari ziko hivi. Zinafaa kama raba ya asili imetolewa kwanza. Zikifungwa juu ya raba, raba inabonyea, skrubu zinalegea, na baada ya muda bamba linaanza kuzunguka pembeni kama kofia iliyompwaya mtoto.

Ya nne ni gundi au tepu ya pande mbili. Hii ya nini? Gari lililoanikwa juani mchana linageuka tanuri, gundi inalainika, na bamba linateleza siku unayolihitaji. Muuzaji atakwambia, "Kaka, hii inaingia gari zote." Kuingia itaingia.

Kuna jambo la mshiko ambalo picha za mtandaoni hazionyeshi. Alumini kavu yenye vipele vya raba inashika vizuri. Alumini tupu iliyong'arishwa, masika yameanza na soli ina tope la Sinza, inateleza kuliko raba ya kiwandani. Ukichagua seti, hesabu vipele vya raba na uvisukume kwa ukucha: vikizunguka au kuchomoka dukani, barabarani havitadumu. Kandambili ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu ncha yake laini inajikunja na kuingia chini ya ukingo wa bamba.

Kapeti nayo ina mzigo wake. Watu wengi wanaiogopa pedali kuliko kapeti, wakati kapeti ndiyo yenye historia nzito zaidi. Agosti 2009, karibu na San Diego, California, askari wa barabara kuu ambaye hakuwa kazini alikuwa akiendesha Lexus ES 350 aliyoazimwa na muuzaji wa magari. Gari liliongeza kasi likagoma kusimama, na watu wote wanne waliokuwemo wakafa. Uchunguzi ulikuta kapeti ya raba ya modeli nyingine ya Lexus, ambayo haikufungwa vizuri, ikiwa imeinasa pedali ya mafuta. Mwezi uliofuata Toyota, inayotengeneza Lexus, ilitangaza kuyaita yarudi kurekebishwa magari yapatayo milioni 3.8 huko Marekani kwa tatizo hilo la kapeti, na sehemu ya marekebisho ilikuwa kuifupisha pedali yenyewe ili isifike kwenye kapeti. Kumbuka hilo unapofunga bamba lenye mkia mrefu: unairefusha pedali ambayo watengenezaji wengine walilazimika kuikata.

Kapeti nzuri ya dereva ina sifa mbili. Imekatwa kwa umbo la gari lako, na ina matundu yanayoingia kwenye vishikizo vya sakafuni. Chungulia sakafu ya gari lako, upande wa kisigino: utaona ndoano au vifungo vya plastiki, kimoja au viwili. Magari ya mtumba mara nyingi hufika bandarini vishikizo vikiwa vimevunjika au kapeti ya asili haipo. Tafuta vishikizo kwanza, kapeti baadaye.

Anayeagiza nje aangalie upande wa usukani. Sisi tunakaa kulia, kwa hiyo tuta la katikati ya gari liko kushoto kwa dereva, na sehemu ya kupumzishia mguu wa kushoto imeegemea tuta hilo. Kwenye gari la Marekani tuta liko kulia kwake, karibu na pedali ya mafuta. Mpangilio wa pedali ni uleule, lakini mikato ya kapeti imegeuka. Kapeti ya WRX iliyokatwa kwa soko la kule haitalala hapa hata ukiikunja, na ukingo uliosimama ndio unaokamata pedali. Ikiwa pedali yako ya mafuta imeota sakafuni badala ya kuning'inia, mkato wa kuizunguka lazima uwepo.

Kuna pia zile kapeti za ngozi bandia zenye mishono ya almasi, ambazo juu yake huwekwa tabaka la nyuzi za plastiki kama tambi. Zinapendeza na zinakamata mchanga wa Coco Beach vizuri. Tatizo ni tabaka la juu: linashikiliwa na vipande vya kunata ambavyo vikijaa vumbi havishiki tena, kisha tabaka zima linasogea mbele kila unapokandamiza kisigino. Upande wa dereva mimi ningelitoa kabisa. Na usilaze kapeti mpya juu ya ya zamani. Ukipandisha sakafu, pedali inaishia njiani.

Baada ya kufunga, jaribu gari likiwa limezimwa. Isukume kapeti mbele kwa nguvu, kama ambavyo kisigino kingeisogeza kwa wiki kadhaa. Kanyaga mafuta hadi mwisho kisha uachie ghafla: pedali irudi yenyewe, bila kusita. Fanya hivyo pia ukiwa umeielemeza upande wa breki, kisha upande mwingine. Kanyaga breki kwa nguvu na utazame pengo lililobaki kati yake na bamba la mafuta. Fundi asiyekupa nafasi ya kujaribu hivi, usimlipe kwanza.

Na ikitokea pedali imenasa barabarani, weka N, yaani gia huru. Injini itapiga kelele, iache ipige. Kanyaga breki mara moja kwa nguvu na uishikilie, usiipampu, kwa sababu injini ya petroli iliyofunguliwa mafuta yote haitengenezi mvuto wa hewa wa kutosha kusaidia breki, na kila ukiachia unapoteza akiba iliyobaki. Usichomoe ufunguo, usukani utajifunga. Gari la kitufe huhitaji kukibonyeza na kukishikilia kwa sekunde kadhaa ndipo lizimike. Magari mengi mapya hukata nguvu ya injini yenyewe breki na mafuta vikikanyagwa pamoja. Altezza, iliyoacha kutengenezwa 2005, haina msaada huo.

Raba za asili usizitupe. Ziweke kwenye buti pamoja na jeki, maana bamba likilegea ukiwa Chalinze, zile raba ndizo zitakazokurudisha Dar.