Acheni kuisingizia __pycache__

Jana tena lawama kwa __pycache__, ile folda ambamo lugha ya Python inahifadhi kodi yako ikiwa imeshatafsiriwa (hiyo ndo kache). Mtu kanitumia meseji: "kaka nimebadilisha kodi ila programu bado inafanya mambo ya zamani, nikafuta __pycache__ ikakaa sawa, hii kache ya Python mbona mbovu hivi?" (Kodi hapo ni maandishi ya programu, siyo ile ya serikali, hiyo ukiibadilisha mwenyewe unafungwa.) Nikamuuliza swali moja tu, ulipoifuta, seva uliiwasha upya? Akasema ndio, niliizima, nikafuta, nikaiwasha. Haya. Umefanya vitu viwili kwa mpigo afu sifa zote umempa mmoja, tena yule ambaye hakufanya kazi.

Imani hii ilikotoka naielewa kabisa. Enzi za Python 2 faili za .pyc (zilizotafsiriwa) zilikaa ubavuni mwa .py (unazoandika wewe), folda hiyo hiyo, na ukifuta .py au ukaibadilisha jina ile .pyc ilibaki pale na Python ikaendelea kuiimpoti (kuiita itumike) kama hamna kilichotokea. Unahama branchi (tawi la mradi) kwenye git, zana ya kutunza matoleo ya kodi, moduli (faili ya kodi) haipo tena kwenye branchi hiyo, lakini inaimpotika, unajikuna kichwa mchana kutwa. Hapo kufuta ilikuwa dawa halali. Afu 2011 ikaja Python 3.2 na folda ya __pycache__, na .pyc iliyomo humo haiimpotiwi kama .py yake imeondoka. Ugonjwa ukaisha, watu wakabaki wanameza vidonge.

Sasa inavyofanya kazi, kwa haraka. Ukiimpoti moduli Python inaikompaili (inaitafsiri) kuwa baitikodi, lugha inayoiendesha yenyewe, na kuihifadhi, mfano `hesabu.cpython-312.pyc`, jina linabeba toleo ndo maana 3.11 na 3.12 zinaweza kuishi folda moja bila kugombana. Mwanzoni mwa faili hiyo, tangu 3.7, kuna baiti 16 za kichwa: namba ya utambulisho wa toleo, bendera, muda ambao .py ilibadilishwa mara ya mwisho, na ukubwa wa .py. Ukiimpoti tena inalinganisha, vikilingana inasoma .pyc, visipolingana inakompaili upya. Ile faili unayoiendesha moja kwa moja, `python anza.py`, haiwekewi kache kabisa, kwahiyo nikikuta mtu analalamika kache imeng'ang'ania kwenye anza.py yake naishia kucheka tu. Na hapana, .pyc haifanyi programu iende kasi, inaharakisha kuwaka tu. Na hapana, haifichi kodi yako, zana za kuirudisha zipo tele.

Ninapotaka tukae kidogo ni hapo kwenye neno "inalinganisha", maana hapa ndo watu wanakosea na hata wazoefu wanaropoka. Wengi wanadhani Python inauliza "je .py ni mpya kuliko .pyc?" HAPANA. Hiyo ni make, zana ya kujengea programu. Make ndo inauliza nani mpya kuliko nani, na ndo maana ukirudisha faili ya zamani pamoja na tarehe yake ya zamani, tuseme kwa `cp -p`, make inaitazama, inaona ni kongwe kuliko ile iliyokwisha kukompailiwa, inasema kazi imeisha, na wewe unabaki na kitu ambacho hakifanani na chanzo chake. Python haijali nani mzee, inauliza kama muda ule uliorekodiwa ni ULE ULE. Ukirudisha faili ya mwaka juzi, muda haulingani, inakompaili upya. Kwahiyo ile "saa ya kompyuta ilikuwa mbele ndo maana Python haikuona mabadiliko yangu" ni maelezo ya make yamevalishwa nguo za Python.

Basi kwanini "ilikubali" baada ya kufuta? Mara nyingi sana ni prosesi, yaani programu iliyokwisha kuwaka. Moduli ikishaimpotiwa inakaa kwenye kumbukumbu, ndani ya `sys.modules`, na ukiimpoti mara ya pili Python haigusi hata diski, inakupa ile ile iliyonayo. Seva iliyowaka tangu asubuhi, noutibuku ulioacha wazi siku tatu, woka ya foleni (programu inayofanya kazi nyuma ya pazia) ambayo umesahau kama ipo, wote hao wanaendesha kodi ya asubuhi hata ukifuta diski nzima. Woka ndo balaa zaidi kwa sababu seva ya wavuti ya majaribio huwa inajiwasha yenyewe ukisevu, woka hajiwashi, kwahiyo nusu ya programu inakuona na nusu haikuoni, na mtu akiona hivo anasema eti kache imechanganyikiwa. Haijachanganyikiwa, kuna prosesi mbili na wewe umewasha upya moja.

Inayofuata ni nakala mbili. Unaedit faili iliyo kwenye folda ya mradi, kumbe inayoimpotiwa ni ile uliyoiweka kwa pip (kisakinishi cha Python) wiki iliyopita bila `-e` (inayofanya ile ya mradi ndo itumike), imekaa zake site-packages, folda ya vilivyosakinishwa. Andika `print(hesabu.__file__)` uone. Au fanya ninachofanya mimi, ni ushamba lakini hakijawahi kuniangusha: nenda juu kabisa ya faili andika upuuzi wowote, `asdfgh ((`, sevu, washa upya. Programu isipoanguka basi faili unayoiedit siyo inayosomwa, acha kache ipumzike. Ukitaka ustaarabu kuna `python -v`, itakutajia kila .pyc iliyosomwa na kama imelingana na chanzo chake, ila jiandae na mvua ya mistari.

Kingine kinachonikera, `PYTHONDONTWRITEBYTECODE=1`, au `-B`, mtu anaiweka ili "kuzima kache". Soma jina lake taratibu. Inasema usiANDIKE. Haijasema usisome. Kama .pyc ipo na inalingana itasomwa vizuri tu. Afu mstari huo huo unakopiwa kwenye kila Dockerfile (maelekezo ya kujenga kontena, boksi la kuendeshea programu) bila kuulizwa, matokeo yake kila kontena inapowaka inakompaili upya kodi yoyote isiyo na .pyc, afu mnakaa kikao kujadili kwanini inachelewa kuwaka. Kama shida yako ni uchafu kwenye folda, tumia `PYTHONPYCACHEPREFIX`, ipo tangu 3.8, inazipeleka .pyc zote sehemu nyingine.

Sasa niseme na upande wa pili, maana nisiposema nitakuwa mnafiki. Kache ya Python INAWEZA kukudanganya. Muda unahifadhiwa kwa sekunde nzima, siyo zaidi, pamoja na ukubwa. Kwahiyo faili ikibadilishwa mara mbili ndani ya sekunde moja, ukubwa ukabaki ule ule, na ikaimpotiwa katikati, Python haitajua. Kwa mkono wa mtu hiyo ni ngumu, ila testi zinazotengeneza moduli na kuziandika upya zinaangukia hapo kirahisi.

Na mimi nimeliwa, kwa njia nyingine. Kazi moja niliyofanya tulikuwa tunapakia vifurushi kwa zana ambayo ilizipa faili zote tarehe moja isiyobadilika, kwa nia njema kabisa, ili kifurushi kikijengwa mara mbili kitoke sawa kila baiti. Kwenye seva kinafumuliwa juu ya folda ile ile ya zamani. Siku moja tukabadilisha `muda = 30` kuwa `muda = 60`. Tarakimu mbili kwa tarakimu mbili, ukubwa ule ule, tarehe ile ile, na __pycache__ ya zamani imebaki pale pale. Python ikalinganisha, ikakuta kila kitu sawa, ikasoma 30. Tumewasha upya mara nne. Nikafuta __pycache__ kwa hasira, ikasoma 60, nikaenda kulala. Wiki mbili baadaye likarudi kwenye faili nyingine, na nilipotaka kujua la kwanza lilitokeaje sikuwa na kitu mkononi, ushahidi nilishaufuta mwenyewe. Mara ya pili nikanakili folda pembeni kwanza, nikafungua kichwa cha ile .pyc, nikaona muda na ukubwa vinalingana na .py ambayo kwa macho yangu ni tofauti, ndo nikaelewa. Dakika kumi tu. Sasa hivi kila toleo tunalifumua kwenye folda mpya.

Ndo maana nikisema usifute simaanishi kwamba kufuta hakufanyi kazi. Ihamishe. `mv __pycache__ /tmp/zamani` ni herufi chache tu zaidi, na ukishawasha upya ukiona kweli imepona unacho cha kuchungulia.

Watu wa C nawaona mnanyoosha mikono. Nyie mna haki zaidi ya `make clean` (kufuta vyote vilivyokompailiwa), nakubali, kwa sababu make haijui kama umebadilisha flagi za kompaila, inaangalia faili tu, na kama hukumwambia kuhusu faili za heda basi unabadilisha strakti, nusu ya .o (vipande vilivyokompailiwa) zinajua umbo jipya na nusu la zamani, programu inaanguka sehemu ambayo haihusiani na chochote. Ila huo ni ugonjwa wa Makefile yako, `make clean` inaahirisha tu. Na kama una ccache, kache ya kompaila, usishangae baada ya clean kila kitu kikirudi kwa sekunde chache, yenyewe inaangalia hashi (kama alama ya kidole) ya yaliyomo, hizo .o ulizofuta wala hazikuihusu. Watu wa PHP, OPcache yenu (kache ya PHP) kawaida ipo kwenye kumbukumbu, mnatafuta faili gani mfute? Angalieni `opcache.validate_timestamps`, ikiwa imezimwa hamna badiliko litakaloonekana mpaka muwashe upya au muifute kwa `opcache_reset()`.

Utauliza, kwanini Python nayo isitumie hashi? Inaweza, tangu 3.7, kompaili kwa `python -m compileall -f --invalidation-mode checked-hash .` na itakuwa inapiga hashi ya .py kila inapoimpoti, tarehe haiangaliwi tena. Angalia usije ukachagua `unchecked-hash` ukiwa bado unaandika kodi, hiyo haiangalii .py kabisa, hapo kweli utakuwa na haki ya kuilaumu kache. Mi mwenyewe checked-hash nimeiweka na kuitoa mara mbili kwenye miradi yangu. Kila nikiiweka najisikia salama, afu nawaza inasoma kila faili nzima ili kunikinga na kitu kilichonipata mara mbili tu maishani, naitoa.

Na ndio, aliasi (amri ya mkato) ya kufuta __pycache__ zote kwa mpigo bado ninayo kwenye terminali yangu. Inaitwa `hasira`. Mara ya mwisho kuitumia ni juzi usiku, na ilikuwa woka.