USS Drum: nyambizi ya dizeli na hesabu ya betri

Kwenye bustani ya kumbukumbu ya kivita pale Mobile, jimbo la Alabama, umati huikimbilia USS Alabama, manowari kubwa ya mizinga. Jirani yake, juu ya nchi kavu, imewekwa nyambizi USS Drum. Wengi huipitia mbio mbio: wanainama mlangoni, wanapiga picha na topido, wanatokea upande wa pili. Mimi kazi yangu ni mashine za meli, kwa hiyo nilikwenda taratibu mpaka walio nyuma yangu wakaanza kuguna. Haya ndiyo niliyokuwa nayaangalia humo, kwa faida ya atakayejaaliwa kufika, pale au kwenye nyambizi nyingine ya zama hizo.

Kwanza tuelewane. Nyambizi ya Vita Kuu ya Pili haikuwa chombo cha kuishi chini ya maji. Ilikuwa meli ya dizeli yenye uwezo wa kujificha kwa muda. Drum ilisafiri juu ya maji kama meli yoyote, kwa noti 20 na ushei, yaani kilomita 37 hivi kwa saa, na ikienda kwa noti 10 iliweza kukata maili za baharini 11,000 bila kujaza mafuta. Ikishazama, hadithi ni nyingine: noti 9 kwa muda wa saa moja hivi, betri kwisha. Ikitambaa kwa noti 2, inafikisha saa 48.

Tofauti hiyo ina sababu yake. Nguvu ya kusukuma chombo majini hupanda kwa mchemraba wa mwendo: ukiongeza mwendo maradufu, unadaiwa nguvu mara nane. Kutoka noti 2 hadi 9, deni linafika mara 90. Juu ya hayo, betri ya madini ya risasi na asidi ukiivuta kwa pupa haikupi hata akiba yote iliyomo. Ndiyo maana nahodha aliyewindwa hakukimbia. Aliteremka, akazima kila chenye kelele, akatambaa.

Drum ni ya daraja la Gato, yaani kundi la nyambizi za muundo mmoja. Ilijengwa kwenye karakana ya jeshi la majini ya Portsmouth, Kittery, jimbo la Maine, ikakabidhiwa jeshi tarehe 1 Novemba 1941, wiki tano tu kabla ya shambulio la Pearl Harbor. Ilifanya doria 13 katika Pasifiki, na inahesabiwa kuzamisha meli 15 za Japani, jumla ya tani 80,580, ikiwemo Mizuho, meli ya kuhudumia ndege za majini, mwezi Mei 1942. Urefu wake ni mita 95, upana mita 8 na kidogo. Humo walijazana mabaharia zaidi ya 70, doria moja ikiweza kufika siku 75.

Ukipita vyumba vya maofisa upande wa omo, yaani mbele, na baadaye mabweni ya mabaharia upande wa tezi, yaani nyuma, tazama unapokanyaga. Chini ya sakafu hizo mbili ndipo palipokaa betri: seli 126 kila upande, 252 kwa jumla, kila seli ikiwa na uzito wa karibu robo tatu ya tani. Fanya hesabu mwenyewe, ni tani 190 hivi. Waliolala pale walilala juu ya asidi. Betri ikichajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka kwa cheche tu, hivyo feni zilipaswa kuivuta bila kukoma. Ikiingiwa na maji ya chumvi, inatoa klorini, gesi ya sumu, na klorini ndani ya bomba la chuma lililofungwa haina mjadala. Wajerumani walikiona cha moto Aprili 1945, karibu na pwani ya Uskochi: kwenye U-1206 choo kilikorofishwa, maji ya bahari yakamwagika mpaka kwenye betri, gesi ikajaa, nyambizi ikalazimika kuibuka, na ndege zikaikuta juu. Ukikiona choo cha Drum na msururu wa vali zake, usicheke sana.

Betri ilitawala hata maji ya kunywa. Mtambo wa kugeuza maji ya bahari kuwa maji safi ulikuwepo, lakini betri nayo ilikunywa maji hayo hayo, na haikuweza kungoja zamu. Kuoga kukawa anasa. Hata kiyoyozi, ambacho waongozaji hupenda kukitaja kama starehe ya mabaharia wa Kimarekani, kiliwekwa zaidi kwa ajili ya kukausha unyevu usiharibu mitambo ya umeme. Binadamu walifaidi makombo.

Sasa twende nilikotaka kufika, vyumba vya injini. Viko viwili, kila kimoja kina dizeli mbili za Fairbanks-Morse zenye nguvu ya farasi 1,600 kila moja. Injini hizi hazina kichwa cha silinda. Ndani ya kila silinda mna pistoni mbili zinazokabiliana; mafuta hupulizwa katikati yao, yanawaka, moja inasukumwa juu na nyingine chini. Kwa hiyo kuna kranki mbili, ya juu na ya chini, zimeunganishwa kwa shafti ya wima. Hakuna vali za hewa wala za moshi: pistoni zenyewe, zikipita, hufungua na kuziba matundu ubavuni mwa silinda. Kranki ya chini hutangulia ya juu kwa nyuzi 12, ili matundu ya moshi yafunguke kabla ya yale ya hewa. Ni kazi safi sana. Ubaya wake fundi yeyote ataujua kwa kuangalia tu: pistoni ya chini ikikorofisha, kuifikia ni adhabu.

Dizeli hizo hazikugusa rafadha, yaani panga za kusukuma chombo. Zilizungusha jenereta, umeme ukaenda kwenye mota nne au kuchaji betri, na mgawanyo ukaamuliwa na watu waliokaa mbele ya safu ya mikono ya chuma katika chumba cha tezi. Mgeni hupita pale kana kwamba ni stoo. Pale ndipo mwendo wote wa chombo ulipotoka.

Dizeli inahitaji hewa, kwa hiyo kabla ya kuzama injini huzimwa na vali kuu ya kuingizia hewa chomboni hufungwa. Katika chumba cha uongozi utaona ubao wa taa nyekundu na kijani, unaoonyesha matundu yapi yako wazi (nyekundu) na yapi yamefungwa (kijani). Mei 1939 nyambizi Squalus, iliyojengwa Portsmouth kama Drum, ilizama kwenye majaribio ubao ukiwa kijani kitupu, kumbe vali ya hewa iko wazi. Vyumba vya injini vikafurika. Walikufa watu 26. Wengine 33 waliokolewa kwa kengele ya wazamiaji kutoka mita 74.

Topido nazo zina yake. Ile ya Wamarekani ya aina ya Mark 14 mwanzoni ilipita chini zaidi kuliko ilivyopangwa, na kiberiti chake kiligoma hata ilipogonga sawasawa; kasoro hizo hazikumalizika hadi mwishoni mwa 1943. Ila nikiwa mbele ya mirija ile sita ya omo ya kurushia topido, mimi niliwaza upande wa pili wa mrija. Februari 1944 meli Khedive Ismail iliondoka Mombasa kuelekea Colombo na watu zaidi ya 1,500, wengi wao askari wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Karibu na Maldivi nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga topido mbili, ikazama ndani ya dakika chache. Walipotea karibu watu 1,300. Manowari za Uingereza zilizosindikiza msafara, Petard na Paladin, ziliiandama I-27 kwa mabomu ya kina, yanayolipukia chini ya maji, mpaka ikaibuka, zikaimaliza. Drum yenyewe ilionja mabomu ya aina hiyo Novemba 1943. Mnara wake uliharibika kiasi cha kubadilishwa mzima.

Faida moja ya kuwekwa nchi kavu, tangu 2001, ni kwamba unaweza kuizunguka na kuona tumbo lake lote hadi rafadha. Tenga muda wa hilo.

Utumwa wa betri uliisha Januari 1955, USS Nautilus ilipoondoka gatini kwa nguvu ya nyuklia. Lakini hata nyambizi za nyuklia zilihitaji dizeli ya dharura, na Wamarekani kwa miaka mingi wakaendelea kufunga ileile ya Fairbanks-Morse, pistoni mbili silinda moja.