Dani Amekula, Amecheka, Sipro ya Nini?

Nimepigiwa tena ile simu kutoka makao ya wazee hapa Kisumu: "Daktari, mkojo wa Dani unanuka na kijiti cha kupimia mkojo kimebadilika rangi. Nimwanzishie sipro?" Nauliza, bibi huyo ana homa? Hana. Analalamika akikojoa? Halalamiki. Amekula ugali na omena, akaomba chai ya pili. Sasa hiyo sipro, dawa ya kuua bakteria, inatibu nini, harufu?

Nitaeleza polepole kwa sababu nimechoka kueleza haraka. Bakteria kwenye kibofu cha mzee mara nyingi ni wapangaji wa siku nyingi wasio na fujo. Kwa wanawake wanaoishi kwenye makao, kati ya robo na nusu wanao bila dalili yoyote. Kwa wenye mpira wa kutoa mkojo (katheta) wa kudumu, ni karibu wote. Chembe nyeupe za damu (leukosaiti) nazo huandamana nao. Kwa hiyo kijiti kikionyesha leukosaiti na naitraiti, kemikali inayotengenezwa na bakteria, kimesema bakteria wapo, jambo tulilolijua kabla hakijachovywa. Vyote viwili vikikosekana, hapo kimetusaidia: tafuta ugonjwa kwingine. Na tafadhali, mkojo uliokamuliwa kwenye nepi usiletwe maabara, hata kama glavu zilikuwa mpya.

Harufu? Joto la Kisumu mnalijua, na wazee wengi hujinyima maji makusudi wasije wakamwamsha mhudumu usiku. Mkojo unakolea. Wanahitaji maji, na mtu wa kuwapeleka choo bila kununa.

Daktari mtafiti Lindsay Nicolle na wenzake huko Kanada walilipima jambo hili kwa wazee wa kwenye makao, wanaume mwaka 1983 na wanawake mwaka 1987. Kutibu bakteria wasio na dalili hakukupunguza vifo. Wanawake waliotibiwa waliambulia madhara ya dawa na vimelea sugu zaidi.

"Lakini Daktari, amechanganyikiwa!" Hapa ndipo damu yangu huchemka. Mzee kuchanganyikiwa ghafla ni dharura, na ukishasema "ni mkojo" hutafuti tena. Pima sukari. Pima malaria, tuko kando ya ziwa. Hesabu pumzi, angalia presha na oksijeni, bonyeza tumbo, uliza choo kikubwa alipata lini. Kagua dawa zake: piritoni aliyopewa juzi kwa mafua inaweza kumvuruga akili na kumzibia mkojo kwa pamoja. Hata sipro yenyewe huwachanganya wazee, na kwa anayemeza glibenklamaidi, dawa ya kisukari, inaweza kushusha sukari hadi azimie.

Akiwa na maumivu mapya akikojoa, au homa pamoja na maumivu ya kiunoni au damu kwenye mkojo, tibu. Chukua sampuli safi kwanza. Mwenye mpira, badilisha mpira ndipo uchukue. Kozi iwe fupi.

Kinachoninyima raha ni mzee aliyepoteza kumbukumbu, asiyeweza kusema anaumwa wapi. Wengine huugua sana bila joto kufika hata 37.8. Nikisema tusubiri, anyweshwe maji na apimwe kila saa nne, nalala na simu kando ya mto wa kitandani. Mwongozo unasema subiri kwa uangalifu. Haumwoni huyo mhudumu mmoja wa zamu ya usiku mwenye wazee chumba kizima.

Kwa hiyo, Sista, ukinipigia anza na joto, pumzi, presha na sukari. Rangi ya kijiti niambie nikiuliza.